Norfolk mpaka Pocahontas: kufuata mwaka mmoja wa makaa na reli

Jumatano, Norfolk

Nimeanzia mwisho wa reli, na nimefanya makusudi. Makaa ya mawe yanayotoka milima ya Appalachia yanaishia hapa Lamberts Point, jirani kabisa na chuo cha Old Dominion, yanamwagwa kwenye meli yanaenda zake Ulaya na Asia, na mtu akitaka kuelewa ule mwaka mmoja uliogeuza kona nzima ya kusini magharibi ya Virginia bora aanzie huku kwenye maji maana wanunuzi walikuwa huku, kule juu kulikuwa na mlima tu.

Ndani ya gati hawakuruhusu mtu kuingia tu hivi hivi, kwahiyo nimesimama nje kwenye uzio naangalia mabehewa meusi yamepangana mpaka macho yanachoka. Behewa likifika kwenye mtambo linashikwa linapinduliwa lote zima, makaa yanaanguka, linarudishwa, linafuata lingine. Upepo ukivuma unaiona ile vumbi. Watu wa mtaa huu wamelalamika miaka mingi kuhusu vumbi kwenye vibaraza na madirisha, na kiukweli nilipopitisha kidole kwenye kioo cha gari yangu baada ya kupaki kama saa moja na nusu nilielewa wanacholalamikia.

Sasa historia. Tarehe 17 Machi 1883, siku ya Jumamosi, behewa la kwanza la makaa kutoka Pocahontas lilifika Norfolk. Limesafiri karibu kilomita 600 kutoka sehemu ambayo miaka miwili nyuma hakukuwa na mji, hakukuwa na reli, palikuwa na mashamba ya watu wachache na msitu. Hili gati la Lamberts Point lenyewe hata lilikuwa halijajengwa, lilikuja miaka michache baadaye, na kufikia 1900 Norfolk ikawa bandari inayoongoza pwani yote ya mashariki ya Marekani kwa kusafirisha makaa. Lakini hiyo ni mbele. Mimi nataka mwaka mmoja tu, Machi 1883 mpaka Machi 1884, kwa sababu karibu kila kitu kilichokuja kutokea kwenye ukanda ule kwa miaka 70 iliyofuata unakikuta ndani ya mwaka huo, kizuri na kibaya.

Kwa nini jambo hili linanihusu? Mimi ni mtu wa Mbinga. Kwetu makaa ya Ngaka yanapanda malori mpaka bandari ya Mtwara, barabara inaumia, madereva wanaumia, na reli ya kwenda Mbamba Bay tumeisikia tangu tukiwa watoto. Kwahiyo nikisoma kuhusu watu waliokaa juu ya makaa wakisubiri reli sisomi kama mgeni.

Alhamisi, barabara ya 460

Nimeondoka alfajiri. Barabara ya 460 inakwenda na reli karibu njia yote, muda mwingine reli iko kulia kwako hatua chache tu na ukibahatika unakimbizana na treni.

Kutoka Suffolk mpaka Petersburg reli imenyooka karibu maili 52 bila kona, na kabla ya kufika Suffolk ukitokea Norfolk inapita kwenye kinamasi kikubwa kinaitwa Great Dismal Swamp. Aliyeijenga miaka ya 1850 ni injinia William Mahone. Kinamasi kilikuwa kinameza udongo, kwahiyo akalaza magogo ya miti chini yakawa kama mkeka halafu akajenga tuta juu yake, na yale magogo kwa kuwa yako ndani ya maji hayapati hewa hayakuoza, mpaka leo treni za makaa zenye uzito wa ajabu zinapita pale pale. Mi nilishuka kuangalia. Huoni kitu bana, unaona tuta, nyasi na maji meusi kama chai ya rangi. Lakini ukishajua nini kiko chini unabaki umesimama.

Huyu Mahone msimsahau. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambavyo alipigana kama jenerali upande wa Kusini, aliunganisha reli tatu zikawa moja kutoka Norfolk mpaka Bristol, mpaka na Tennessee. Madeni yakamshinda. Februari 1881 reli ikapigwa mnada, ikanunuliwa na nyumba ya fedha ya Philadelphia inaitwa E. W. Clark kwa zaidi ya dola milioni 8, wakaipa jina jipya Norfolk and Western. Mtu waliyemweka kuisimamia anaitwa Frederick Kimball, naye ni mtu wa Philadelphia. Reli ya Mahone ilibeba pamba, tumbaku na abiria. Kimball alipenda mawe, alikuwa anasoma ripoti za jiolojia, na swali lake lilikuwa moja tu: hii reli itabeba nini kizito kila siku, mvua au jua, bila kusubiri msimu wa mavuno?

Petersburg nimepita karibu na chuo kikuu cha Virginia State, kilichoanzishwa 1882 kwa ajili ya Wamarekani Weusi. Na hapa ndio Mahone anarudi kwenye stori, maana baada ya kunyang'anywa reli aliingia siasa mzima mzima. Chama chake cha Readjuster kilikuwa kitu cha ajabu kwa Kusini ya wakati ule, wazungu maskini na Weusi wamekaa upande mmoja, wakafuta kodi ya kupiga kura, wakafuta adhabu ya viboko hadharani, wakatia hela kwenye shule, na chuo hiki ni kazi yao. Yaani wakati behewa la kwanza linashuka Norfolk, Virginia ilikuwa inatawaliwa na muungano huo.

Halafu ikafika Novemba. Tarehe 3 Novemba 1883, siku tatu kabla ya uchaguzi, vurugu zikatokea mtaani Danville, risasi zikapigwa, watu watano wakafa, wanne kati yao Weusi. Habari ikasambazwa jimbo zima kwa namna ya kuwatisha wapiga kura, Weusi wengi wakabaki nyumbani siku ya kura, na Democrats, wapinzani wa Readjuster, wakachukua bunge. Kwa hiyo mwaka uleule ambao reli inaanza kuvuta maelfu ya vibarua Weusi kwenda milimani, kauli yao serikalini inaanza kukatwa huku nyuma. Wanaosimulia makaa huwa hawagusi Danville, na wanaosimulia Danville hawagusi makaa. Mimi naona ni habari moja.

Nimefika Roanoke jioni. Nafikia kwa mzee mmoja Mkongomani, mtu wa Lubumbashi, tumejuana kanisani miaka ya nyuma kabla sijahama. Kaniwekea bugali na sombe, nikala nikalala.

Ijumaa, Roanoke

Ukitaka kuona reli inavyoweza kuumba mji njoo Roanoke. Mwaka 1880 hapa paliitwa Big Lick, hesabu ya watu ilikuta wakazi 669. Reli ya bonde la Shenandoah ilipoamua kuja kuungana na Norfolk and Western hapa, kila kitu kikageuka, Februari 1882 jina likabadilishwa, hoteli kubwa ya Roanoke ikafunguliwa juu ya kilima, karakana kubwa za treni zikaanza, na tarehe 31 Januari 1884 pakapewa hadhi ya jiji. Hesabu ya 1890 ikakuta watu 16,159. Kutoka 669! Picha za miaka ile zinaonyesha matope na mbao, nyumba zinajengwa huku watu tayari wanaishi ndani.

Asubuhi nimeenda jumba la makumbusho ya usafiri, liko kwenye stesheni ya zamani ya mizigo ya Norfolk and Western. Pale kuna injini za mvuke zilizojengwa hapahapa Roanoke, ikiwemo 611 ya mwaka 1950, kama haijatolewa kuzungushwa relini basi ipo utaiona. Hii kampuni iling'ang'ania mvuke kuliko kampuni kubwa zote za Marekani, mpaka 1960, na sababu siyo ushamba, kampuni iliyokaa juu ya makaa ya bei chee itakimbilia dizeli ya nini.

Kitu ambacho sikutegemea kukikuta kwenye mwaka huu ni saa. Kabla ya Novemba 1883 kila mji Marekani ulikuwa na saa sita mchana yake, jua likifika utosini hapo kwenu ndio saa sita, mji wa pili dakika kadhaa mbele au nyuma. Reli zikachoka, maana treni mbili kwenye njia moja na saa mbili tofauti ni maiti. Jumapili ya tarehe 18 Novemba 1883 kampuni za reli zikaamua zenyewe kugawa nchi kwenye kanda za saa. Hakuna sheria ya bunge, hiyo ilikuja 1918. Kampuni zimesema, miji ikafuata. Kwahiyo mkulima wa kule milimani ambaye mwaka uliopita hajawahi kusikia honi ya treni, mwaka huu anaambiwa hata jua lake halisemi ukweli. Nikamweleza mzee jioni, akacheka akasema hata sisi Waswahili tunaohesabu kuanzia asubuhi inapokucha Wazungu hawakutuweza, saa yetu ipo palepale.

Mzee akaniambia anataka kwenda na mimi. Baba yake alifanya kazi Union Minière, ile iliyokuja kutaifishwa 1967 ikawa Gécamines, na yeye mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba ya kampuni. "Mutoto yangu," ananiambia, "kwetu reli ilifika 1910, mbele ya ile shaba ilikuwa ya nani? Ya mawe tu." Na akaniongezea nisichokijua kijana wa Mbinga, kwamba shaba ya Lubumbashi ilianza kuyeyushwa 1911 kwa makaa yaliyoletwa na reli kutoka Wankie, Rhodesia, Hwange ya leo. Hiyo nimeiandika pembeni nitakuja kuifuatilia siku nyingine.

Jumamosi, mto New mpaka Bluefield

Siku ya kuendesha. Kutoka Radford reli ya tawi inaachana na njia kuu, inafuata mto New kushuka mpaka Glen Lyn, halafu inaukamata mto East inapanda nao mpaka Bluefield. Ujenzi ulianza Agosti 1881 na ulikamilika Mei 1883, ingawa makaa ya kwanza yalishapita Machi. Ramani ya simu ukiiangalia unaona kwa nini walifuata mito, kwingine kote ni ukuta. Pale Narrows mto umepasua mlima katikati, na kila kitu kinagombania kale kapenyo, mto, reli, barabara, nguzo za umeme. Nusu ya kazi ile ilifanywa kwa mikono, sururu na baruti, na vibarua wengi walikuwa Weusi wa Virginia, watu ambao au wazazi wao walikuwa watumwa miaka 20 tu nyuma.

Glen Lyn kuna mtambo wa umeme wa makaa uliofungwa 2015. Mzee aliuangalia akasema kwa kifaransa neno ambalo sitaliandika.

Bluefield tumelala. Mji uko juu, zaidi ya mita 780, na una kamchezo kake, joto likizidi nyuzi 90 za Fahrenheit wanagawa maji baridi ya limau bure mtaani, ahadi hiyo ipo tangu miaka ya 1930. Halikufika. Yadi ya treni iko katikati ya mji kabisa, na hii ni akili nyingine ya mainjinia, sehemu hii ni kilele, mabehewa yakisukumwa yanateremka yenyewe kwa uzito wake yakipangwa bila injini kuhangaika. Ndio sababu ya mji kuwepo. 1883 hapa palikuwa malisho ya familia mbili tatu.

Jumapili, Pocahontas

Hapa ndipo.

Pocahontas ni mji mdogo sana, uko Virginia lakini ukivuka kidogo tu uko West Virginia, na huo mpaka utakuja kuwa na maana yake, subiri. Mtaa wa kati una majengo ya matofali marefu kiasi, mengi yamefungwa, jumba la maonyesho la 1895 bado limesimama. Vijana wanapita na vile vipikipiki vya magurudumu manne, wamejaa matope hadi kope, ndio biashara ya sasa.

Stori ya makaa inaanza na fundi mhunzi anaitwa Jordan Nelson. Tabaka la makaa lilikuwa linachomoza nyuma ya nyumba yake, akawa anachimba anatumia kwenye tanuri lake na kuwauzia majirani senti moja kwa kikapu cha kipimo chao. Senti moja! Mtu kakaa juu ya makaa yaliyokuja kuwa maarufu kuliko yote Marekani na hela yake ilikuwa ya chumvi. Hakuwa mjinga. Makaa ambayo hayawezi kufika popote bei yake ndiyo hiyo hiyo. Mwaka 1873 nahodha Isaiah Welch alitumwa na Jedediah Hotchkiss, yule mchora ramani wa jeshi la Kusini, akaja kupima akaona hapa. Hotchkiss akapiga kelele miaka kadhaa kutafuta matajiri wa Kaskazini. 1881 Kimball akaja mwenyewe kuliona tabaka. Na baada ya hapo mambo yakaenda mbio mpaka unaona kama kuna mtu anafukuzwa.

Kampuni ya Southwest Virginia Improvement ikaundwa, ikamleta William Lathrop kutoka Pennsylvania awe msimamizi, na Charles Thickstun akachora mji. Mgodi ukaanza kuchimbwa 1882 wakati reli bado iko njiani, makaa yakawa yanarundikwa tu nje yakisubiri. Nyumba zikajengwa za kampuni, duka la kampuni, matanuri ya kuchoma koku, yaani makaa yaliyochomwa kwanza ili yatumike kuyeyushia chuma. Wachimbaji wakaja kutoka kila upande, Wajerumani, Wahungari, Waitaliano, Weusi kutoka mashamba ya tumbaku. Fikiria, mwaka mmoja, bonde lililokuwa na familia chache linasikia lugha tano sita asubuhi kwenye foleni ya mgodi.

Tumeingia mgodini. Ndio mgodi namba moja wenyewe, uliacha kazi 1955 baada ya kutoa zaidi ya tani milioni 44, na tangu 1938 umefunguliwa kwa wageni, zamani watu walikuwa wanaingia na gari zao kabisa wanatokea upande wa pili. Sasa hivi unatembea. Nje joto, ndani baridi kama friji, mwaka mzima haibadiliki.

Sikutegemea urefu. Migodi niliyosoma watu wanatambaa. Hapa tabaka la makaa lina karibu mita 4, mzee ambaye ni mrefu kunizidi amesimama wima kanyoosha mkono juu na hajafika darini. Ukiweka taa karibu ukuta unameta, siyo mweusi wa masizi, ni mweusi wa kung'aa wenye mistari, na ukipitisha kucha unamomonyoka kirahisi. Makaa haya yana moshi kidogo sana, ndio maana jeshi la majini la Marekani liliyapenda, meli isiyotoa moshi mwingi haionekani mbali.

Mwongozaji, mama mmoja wa makamo, kaonyesha kazi ilivyofanyika. Mchimbaji analala ubavu anakata kwa sururu chini ya ukuta wa makaa, mkato wa kuingia ndani kama urefu wa mkono au zaidi, masaa. Halafu anachukua kekee ndefu ya mkono, ina bamba la kuegemeza kifuani, anazungusha anatoboa shimo. Anatia baruti nyeusi, anaziba, anaacha utambi, anawasha anakimbia. Ukuta unaporomoka, anapakia kwenye kigari, anatundika kibati chake chenye namba ili tani zihesabiwe kwake, nyumbu anavuta. Analipwa kwa alichopakia. Kukata, kutoboa, kuweka nguzo za dari zisimuangukie, hiyo hailipwi. Mzee akaguna hapo. Taa ilikuwa nini? Kitaa cha mafuta kwenye kofia, moto wazi unawaka kipajini. Na baruti. Na vumbi.

Sasa hilo vumbi. Wakati ule wachimbaji wengi na mainjinia wengi waliogopa gesi, gesi ndio adui anajulikana, na mgodi huu ulikuwa na sifa ya kutokuwa na gesi nyingi. Vumbi la makaa likaonekana uchafu tu wa kukohoa. Lakini makaa ya Pocahontas yanasagika haraka, ndani pakavu, kila kigari kikipita vumbi linatimka linatua kwenye kila nguzo na kila ukingo. Vumbi likishakuwa hewani na likapata moto linalipuka, na mlipuko unatimua vumbi lingine mbele yake, na hilo nalo linalipuka, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mgodi.

Usiku wa manane wa tarehe 13 Machi 1884 shifti ya usiku ilikuwa ndani, mgodi wa Laurel, upande wa mashariki. Ulilipuka. Nguvu ilitoka nje ya mlango na mbao na vigari, nyumba zilizokuwa karibu zikaharibika, mitambo ya kuingiza hewa ikavunjika. Waliojaribu kuingia kuokoa wakakutana na hewa ya sumu wakarudi. Moto ukawa unawaka ndani, na hapo uongozi ukafanya uamuzi ambao mji mzima uliusikia, wakaziba milango na kuujaza mgodi maji, watu wao wakiwa ndani. Nadhani wenye kujua walijua hakuna aliye hai, na kweli hakutoka hata mmoja. Lakini jaribu kumweleza hivyo mke wa mtu amesimama pale nje hajui kiingereza. Miili ilianza kutolewa wiki kadhaa baadaye, Aprili. Idadi inayotajwa zaidi ni 114.

Mainjinia wa chama cha mainjinia wa migodi cha Marekani walikuja kuchunguza na ripoti yao ikaelekeza kidole kwenye vumbi. Ni moja ya mara za mwanzo nchi hii vumbi lenyewe kutajwa kama muuaji.

Na ule mpaka. Mwaka uleule wa 1883 West Virginia ilipitisha sheria ya kuwa na mkaguzi wa migodi, mkaguzi mmoja na uwezo mdogo, lakini kuna mtu. Virginia haikuwa na kitu kama hicho na ilikaa hivyo mpaka 1912. Mlango wa mgodi huu uko Virginia, ungeweza kutembea kwa miguu mpaka jimbo la pili lenye sheria. Najua sheria kwenye karatasi haizuii vumbi, West Virginia yenyewe ilikuja kuzika watu wengi kuliko hawa, Monongah 1907 peke yake zaidi ya 360. Ila hainiondoki kichwani.

Kati ya behewa la kwanza kufika Norfolk na usiku ule, mwaka mmoja kasoro siku nne.

Jumatatu, makaburini halafu Bramwell

Asubuhi tumepanda kilima cha makaburi. Makaburi haya yalianza kwa sababu ya mlipuko, mji ulikuwa mchanga kiasi kwamba haukuwa na pa kuzika watu wengi namna ile kwa mara moja. Sehemu ya waliokufa 1884 mawe mengi hayana majina au hayapo kabisa, ni nyasi na mabonde madogo madogo. Mawe ya baadaye yana maandishi ya Kihungari, Kirusi, yana misalaba ya Kiorthodoksi. Mzee alikuwa anasoma majina kwa sauti ya chini anakosea anarudia. Akaniuliza hawa Weusi waliokuwa mgodini wako upande gani. Nikamwambia sioni alama. Akazunguka peke yake kama nusu saa.

Bramwell ni mwendo mfupi, ukishavuka uko West Virginia. Hapa ndipo walipojenga matajiri. Nyumba zina minara, vioo vya rangi, moja ina paa la shaba, na mji wenyewe umekaa kwenye kikunjo cha mto Bluestone, mzuri kupita kiasi. Jina limetokana na injinia Joseph Bramwell, ambaye alikuwa mmoja wa waliochunguza ule mlipuko. Inadaiwa mji huu ulikuwa na mamilionea wengi kwa idadi ya watu kuliko mji wowote Marekani, madai kama hayo kila mji mdogo unayo lakini ukiziona nyumba unanyamaza.

Kinachonishangaza ni kasi. Mgodi umelipuka Machi 1884. Ndani ya mwaka uleule John Cooper, Mwingereza aliyeanza mgodini akiwa mtoto, amefungua mgodi wake upande huu wa West Virginia kwenye tabaka lilelile na amepeleka makaa sokoni kwa reli ileile. Jenkin Jones na John Freeman nao wamefungua wao. Mgodi wa Pocahontas wenyewe ulikaushwa ukarudi kazini. Reli ilikuwa imeshatumia hela ya kufika hapa, ina mikopo, ina gati la kujenga Norfolk, haikuwa na nafasi ya kusimama. Na wachimbaji waliendelea kuja, hilo pia ni kweli, treni ziliwashusha kila wiki, maana senti za tani zilikuwa bado zinazidi walichopata kwenye mashamba ya tumbaku.

Pale benki ya zamani ya Bramwell mwenyeji mmoja katuhadithia kwamba enzi zile mtumishi wa benki alikuwa anasukuma toroli limejaa noti tupu kutoka hapa mpaka stesheni, barabarani, mchana kweupe. Mimi nilifurahi, nikapiga picha ya mlango. Mzee kakataa kata kata. Anasema kwao kampuni ilibeba mshahara kwenye behewa la chuma na askari wenye bunduki, na bado uliibiwa, iweje hapa toroli. Kamuuliza yule mwenyeji swali baada ya swali, toroli la mbao au la chuma, nani alikuwa nyuma, nani mbele, noti au sarafu, na aliyelisukuma alikuwa analipwa shilingi ngapi. Mwenyeji hana jibu, anacheka tu. Nikatafsiri yote mpaka sauti ikanikauka, tukaenda kutafuta chakula, na kwenye gari bado anaendelea, "Mutoto yangu, sema tu ukweli, weye ungelisukuma ile toroli mpaka stesheni?"